Kuasili Mtoto na Uthibitisho wa Nyaraka kwa Matumizi Nje ya Nchi: Mihuri Inasema Nini na Haisemi Nini

Familia za pwani yetu zina desturi njema ya kutomwacha mtoto yatima peke yake. Katika kata ya Dunda, mjini Bagamoyo, kama ilivyo katika mitaa mingine ya mwambao, si ajabu kumkuta bibi anayelea wajukuu walioondokewa na wazazi, au jirani aliyempokea mtoto wa jirani akawa kama wa tumbo lake. Lakini siku hizi upendo huo unavuka mipaka ya nchi. Shangazi anayeishi Milano anataka kumchukua mtoto wa marehemu kaka yake. Wanandoa wa kigeni waliofanya kazi nchini kwa miaka kadhaa wamekabidhiwa mtoto wa kumlea na sasa mkataba wao wa kazi unafikia ukomo. Hapo ndipo ofisi za parokia zinapopokea ombi lile lile: "Baba Paroko, tunaomba barua yenye muhuri ili mtoto asafiri."

Barua ya Paroko ina heshima yake, lakini haiwezi kumvusha mtoto mpaka. Makala hii inakusudia kueleza, hatua kwa hatua, namna nyaraka za kuasili mtoto zinavyothibitishwa nchini Tanzania ili zikubalike katika nchi nyingine, kwa nini mihuri inakuwa mingi, na ni wapi familia nyingi hukwama. Jambo lenyewe ni zito, kwa sababu hati isiyokubalika inaweza kumwacha mtoto katikati: huku hana tena mlezi wa zamani, na huko hatambuliki kuwa mwana wa wazazi wake wapya.

Kuasili ni nini, na si nini

Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, katika kanuni ya 110, unatamka kwamba watoto walioasiliwa kwa mujibu wa sheria ya nchi wanahesabiwa kuwa watoto wa wale waliowaasili. Kwa hiyo Kanisa halina utaratibu wake wa pembeni wa kuasili; linapokea kile ambacho mamlaka halali ya kiraia imekitenda. Uhusiano huo ni wa kweli kiasi kwamba, kadiri ya kanuni ya 1094, unazuia ndoa kati ya mzazi na mtoto aliyeasiliwa, na pia kati ya ndugu waliopata udugu wao kwa njia ya kuasiliwa.

Kwa upande wa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 2011, na mtu asidhani kwamba utaratibu wa upande mmoja wa Muungano unatumika upande wa pili. Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, kuasili hukamilika kwa amri ya mahakama. Amri hiyo huhamisha haki na wajibu wote wa mzazi kutoka kwa wazazi wa awali kwenda kwa mwasili, na kuanzia siku hiyo mtoto huhesabiwa kana kwamba alizaliwa katika ndoa ya waliomwasili.

Hapa tutofautishe mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi. La kwanza ni malezi ya kifamilia, ambayo bibi au mjomba huyafanya bila hati yoyote. La pili ni malezi ya kambo, ambapo Afisa Ustawi wa Jamii anamkabidhi mlezi mtoto kwa muda na kuendelea kumfuatilia. La tatu ni kuasili kwenyewe. Barua ya serikali ya mtaa inayosema kwamba fulani ndiye mlezi, hata ikiwa na muhuri na picha, ni ya kundi la kwanza, na ubalozi hauwezi kuichukulia kuwa amri ya kuasili.

Tukumbuke pia kwamba wengi wa jirani zetu Bagamoyo ni Waislamu, na katika sheria yao kumlea yatima ni tendo tukufu, ila nasaba ya mtoto haibadilishwi. Ndiyo maana Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 20, unautaja utaratibu wa kafala sambamba na kuasili. Familia yenye ndugu Oman au nchi nyingine za Ghuba ifahamu tofauti hiyo kabla ya kuanza safari ya mahakamani.

Masharti kwa mwombaji asiye raia

Sheria ya mwaka 2009 inataka mwasili awe ametimiza umri wa miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Kwa mtu asiye raia wa Tanzania yapo masharti ya ziada: awe ameishi nchini kwa miaka 3 mfululizo, awe amemlea mtoto huyo kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya usimamizi wa Afisa Ustawi wa Jamii, asiwe na kumbukumbu ya uhalifu katika nchi yake wala kwingineko, awe na mapendekezo ya mamlaka husika ya nchi yake kwamba anafaa kuasili, na airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaiheshimu na kuitambua amri ya kuasili.

Sharti hili la mwisho lisomwe mara mbili. Maana yake ni kwamba suala la nchi ya kigeni kuzikubali nyaraka linaanza kabla ya hukumu, wala si jambo la kushughulikiwa wakati mizigo imekwisha kufungwa. Mwombaji anayefika mahakamani bila kuuliza nchi yake inataka nini anajenga nyumba kuanzia paa.

Kwa nini muhuri juu ya muhuri?

Wengi hulalamika kwamba wanazungushwa. Tuone sababu yake. Ofisa wa ubalozi aliyeko Dar es Salaam hamfahamu Msajili wa Mahakama aliyetia saini nakala ya amri, wala hana njia ya kujua kama muhuri ulioko mbele yake ni halisi. Lakini ubalozi wake umepokea vielelezo vya saini za maofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki. Wizara nayo inazifahamu saini za mamlaka za ndani. Basi unajengwa mnyororo: mamlaka iliyotoa hati inasimama nyuma ya hati yake, Wizara inathibitisha saini ya mamlaka hiyo, na ubalozi unathibitisha saini ya Wizara. Pete moja ikikosekana, mnyororo wote unakatika.

Nchi nyingi duniani zimeufupisha mnyororo huu kwa njia ya Mkataba wa The Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961, ambao umeweka cheti kimoja kiitwacho apostili. Kati ya nchi wanachama, hati ikishapata apostili haihitaji tena kupita ubalozini. Majirani zetu Malawi, Burundi na Rwanda wamo katika mkataba huo. Tanzania haikuwa mwanachama hadi mwaka 2024, na kwa sababu hiyo nyaraka zake zimekuwa zikipita njia ndefu ya Wizara na ubalozi. Kwa kuwa nchi hujiunga mwaka hadi mwaka, mwombaji aulize hali ilivyo siku anapoanza, ili asilipie hatua isiyohitajika wala asiruke ile inayohitajika.

Hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuanzia mwisho. Kabla ya kupeleka hati popote, mwombaji aandikie ubalozi wa nchi anakokwenda na kuomba orodha ya nyaraka unazozitaka, lugha ya tafsiri, na kama tafsiri itangulie muhuri wa Wizara au iufuate. Balozi hutofautiana katika jambo hili. Nchi zisizo na ubalozi Dar es Salaam mara nyingi huwahudumia watu wa Tanzania kutoka Nairobi, na hilo linaongeza muda na gharama.

Hatua ya pili ni kukusanya hati za msingi. Kwa kawaida ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Vyeti vya vifo vya wazazi, kama wamefariki. Ridhaa ya mzazi aliye hai. Taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii. Na amri ya kuasili. Amri hiyo huombwa nakala iliyothibitishwa na Msajili wa Mahakama iliyoitoa. Mashauri ya kuasili husikilizwa kwa faragha, kwa hiyo nakala hupewa wahusika, si kila apitaye.

Hatua ya tatu ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Mahakama ikishatoa amri, Msajili Mkuu huandika jina la mtoto katika Rejesta ya Watoto Walioasiliwa, na hati inayotolewa kutokana na rejesta hiyo ndiyo itakayokuwa utambulisho wa mtoto pamoja na wazazi wake wapya. RITA pia ndiyo inayohakiki vyeti vya kuzaliwa na vya vifo, ili kuthibitisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi kinapatana na kilichomo katika kumbukumbu. Cheti cha zamani kilichoandikwa kwa mkono kifikishwe huko mapema, kwa maana jina lisilosomeka vizuri huweza kuchelewesha kila kitu.

Hatua ya nne ni tafsiri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hilo ni jambo la kujivunia, ila lina matokeo yake: hukumu ambayo zamani ingeandikwa kwa Kiingereza leo inaweza kuwa kwa Kiswahili, na hakimu wa Bologna au Munich hataweza kuisoma. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa huduma ya tafsiri zenye muhuri wake. Kwa lugha kama Kiitaliano au Kijerumani, ubalozi uulizwe ni watafsiri gani unaowakubali. Mtu wa familia, hata akiwa msomi hodari wa lugha hiyo, asijitafsirie mwenyewe.

Hatua ya tano ni Wizara ya Mambo ya Nje, na ya sita ni ubalozi husika, kwa utaratibu uliokwisha elezwa. Mwombaji aende na hati halisi pamoja na nakala zake. Wapo wanaopeleka nakala iliyogongwa muhuri na wakili peke yake. Wakili ambaye ni mthibitishaji wa umma anathibitisha kwamba nakala inafanana na hati halisi. Hathibitishi kwamba hati hiyo ilitoka mahakamani.

Hatua ya saba ni pasipoti na viza. Mtoto ambaye bado ni Mtanzania husafiri kwa pasipoti ya Tanzania inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Amri ya kuasili si hati ya uraia. Kama mtoto atapata uraia wa wazazi wake wapya, na lini, ni jambo linaloamuliwa na sheria ya nchi ile.

Nyaraka zinazotoka nje kuja kwetu

Njia hii ina mwelekeo wa pili, nao husahauliwa. Mwombaji wa kigeni huleta mahakamani cheti chake cha ndoa, taarifa ya uchunguzi wa familia yake na hati ya polisi ya nchi yake. Nyaraka hizo nazo ni ngeni hapa, na zinahitaji kuthibitishwa. Maadamu Tanzania iko nje ya mkataba wa mwaka 1961, apostili peke yake haikamilishi safari. Hati hupelekwa kwenye ubalozi wa Tanzania katika nchi ile, kwa mfano Roma, Berlin au Washington. Hati ya polisi ina muda wake wa kutumika. Ikichukuliwa mapema mno inaweza kupitwa na wakati kabla ya siku ya kusikilizwa shauri, na mwombaji akalazimika kuanza upya.

Muhuri hautoshi

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Uthibitisho wa nyaraka unasema neno moja tu: saini hii ni ya kweli, na aliyeitia alikuwa na cheo hicho. Hausemi kwamba nchi nyingine inakubali kuwa mtoto huyu ni mwana wa watu hawa. Kukubali huko ni jambo la pili, na lina sheria zake.

Upo Mkataba mwingine wa The Hague, wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu ulinzi wa watoto na ushirikiano katika kuasili kati ya nchi na nchi. Kati ya wanachama wake, kuasili kulikofanyika kwa kufuata mkataba hutambuliwa kwa nguvu ya sheria. Kenya, Rwanda na Burundi ni wanachama. Tanzania haikuwa mwanachama hadi mwaka 2024. Matokeo yake, kila nchi huipima amri ya mahakama ya Tanzania kwa vipimo vyake yenyewe. Nchini Italia, mtoto huingia kwa idhini ya Tume ya serikali inayoshughulikia kuasili kimataifa, yenye makao yake Roma. Nchini Ujerumani, tangu mwaka 2021, sheria inataka kuasili kwa kimataifa kupitie wakala wenye kibali na amri ya kigeni ipite mahakamani ili itambuliwe. Nchini Marekani, mtoto anayetoka nchi isiyo mwanachama lazima atimize maana ya "yatima" kama inavyoelezwa na sheria yao ya uhamiaji, na maana hiyo si lazima ifanane na ile tunayoijua sisi. Mtoto ambaye baba yake yu hai na anajulikana anaweza kuwa yatima machoni pa jirani wa Dunda, wala asiwe yatima machoni pa ofisa wa viza.

Kwa hiyo familia inaweza kuwa na mihuri yote minne, hati zote zikiwa halali, na bado mtoto akakosa viza. Ni heri kulijua hilo kabla mtoto hajaanza kumwita mtu mama.

Kumbukumbu za Parokia

Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa. Kinaweza kusaidia kama ushahidi pale familia inapoomba usajili wa kuzaliwa uliochelewa, lakini hakichukui nafasi ya usajili huo. Kwa matumizi ya Kanisa nje ya nchi, kwa mfano mtoto atakapotaka kupokea Kipaimara ughaibuni, cheti kilichotiwa saini na Paroko na kuthibitishwa na ofisi ya Kansela wa Jimbo ndicho kinachohitajika, wala hakuna haja ya kukipeleka ubalozini.

Mtoto aliyeasiliwa anapobatizwa, kanuni ya 877, kifungu cha 3, inaelekeza kwamba yaandikwe majina ya wale waliomwasili, na pia majina ya wazazi waliomzaa, angalau pale ambapo kumbukumbu za kiraia za nchi hufanya hivyo, kwa kuzingatia maagizo ya Baraza la Maaskofu. Mapadre na makatekista wazingatie mambo mawili. Kwanza, wasibadilishe kitabu cha ubatizo kwa maneno matupu ya familia. Waone amri ya mahakama na wawasiliane na Jimbo. Pili, watunze siri. Historia ya mtoto ni mali yake, haifai kuwa habari ya kusimuliwa katika Jumuiya Ndogo Ndogo.

Makosa na hatari za kuepuka

Kosa linalojirudia zaidi ni majina. Mtoto ni Mariamu kwenye kadi ya kliniki, Maria kwenye cheti cha ubatizo, na Mary kwenye fomu ya shule. Kwa bibi yake ni mtoto yule yule, lakini kwa ofisa asiyemjua ni watoto watatu. Tofauti hizo zirekebishwe kwa kiapo au kwa masahihisho rasmi kabla ya shauri kufunguliwa. Kosa la pili ni kuweka vyeti ndani ya plastiki kwa nia njema ya kuvitunza. Hati iliyofunikwa hivyo haigongeki muhuri wala haikaguliki vema. La tatu ni kubandua karatasi zilizofungwa pamoja na mahakama ili kuzitoa nakala.

Hatari kubwa kuliko zote ni vishoka. Ofisi za umma hutoa kumbukumbu namba ya malipo na risiti. Anayetaka fedha mkononi ili "asukume faili" hafanyi kazi ya Serikali. Na mtu anayetaka malipo ili kumtoa mtoto kwa familia, awe ndugu, mwenye kituo au wakala, anatenda kosa, na huenda akaangukia katika Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Msururu wa mihuri unaotuchosha ndio unaompa shida mtu wa namna hiyo. Ugumu wa njia ni sehemu ya ulinzi wa mtoto.

Hata hivyo, ugumu usigeuke kuwa ukuta. Katika katekesi yake ya tarehe 5 Januari 2022 kuhusu Mtakatifu Yosefu, Baba Mtakatifu Fransisko alizitaka taasisi zisaidie katika kuasili kwa kufuatilia kwa makini, lakini pia kwa kurahisisha taratibu, ili hamu ya watoto wengi wanaohitaji familia ikutane na hamu ya wanandoa wanaotaka kujitoa kwa upendo. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Nao Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unakumbusha kwamba kumpeleka mtoto nchi nyingine ni njia ya mwisho, baada ya kukosekana malezi yanayofaa nyumbani kwao. Swali la kwanza la familia na Parokia, basi, linapaswa kuwa: je, ndugu, jirani na jumuiya yetu tumeshindwa kabisa?

Bagamoyo inayo sababu ya kulijali jambo hili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misioni hapa mwaka 1868, miongoni mwa watu wa kwanza kukaa katika misioni hiyo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale walikuwa wamevushwa kutoka mikono hadi mikono bila mtu kuulizwa kwa haki gani. Karatasi tunazozililia leo, zenye jina la mtoto, jina la mzazi, saini ya hakimu na muhuri wa Wizara, zinamlazimisha kila anayemshika mtoto mkono ajibu swali hilo. Anayehitaji msaada aanze kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri yake, naye Paroko amsindikize kwa ushauri na sala.